Vidole Vinagoma Kipupwe, na Kijana Anataka Solo

SWALI

Mshauri, salamu kutoka Uyole, Mbeya. Nina miaka 53 na ninapiga gitaa la solo tangu 1993. Kundi letu ni la watu watano: magitaa mawili, besi, kinanda na dramu. Jumamosi tunapiga roki ya zamani ya Uingereza na Marekani, Jumapili wengi wetu tuko kanisani na vyombo vilevile.

Shida yangu ina sehemu mbili. Kwanza mkono. Kuanzia Juni kidole cha pete cha mkono wa kushoto huamka kigumu, kinachukua kama dakika 20 kulainika. Nikivuta uzi kando ili sauti ipande toni nzima kwa kidole hicho, kiungo cha kati kinauma, na nota za haraka zinagongana. Gitaa ni la aina ya Stratocaster, nyuzi namba 11 (namba ndiyo unene wa uzi wa kwanza), zimekazwa kwa sauti ya kawaida.

Pili ni kichwa. Nikitazama video za wapiga gitaa wa Uingereza kwenye simu, Eric Clapton wa 1968 anamwaga nota kama mvua ya Tukuyu. Yule wa miaka ya karibuni anapiga chache, katulia. Jeff Beck alitupa piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Keith Richards wa Rolling Stones kabaki na nyuzi tano. Je, hawa walichoka au waliamua? Naomba kujua, maana kijana wetu wa gitaa la pili, miaka 24, ameniambia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, hizo solo si uniachie mimi." Nimwachie?

Ndaga fijo (asante sana).

JIBU

Kaka, pole na baridi ya Uyole. Tuanze na Clapton, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Solo zake za 1968 hazieleweki mpaka uhesabu watu waliokuwa jukwaani. Cream, kundi lake la wakati huo, walikuwa watatu: Clapton, Jack Bruce kwenye besi na Ginger Baker kwenye dramu. Solo ikianza hakuna anayebaki ameshika kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja), na nafasi yote iliyo wazi ni ya gitaa na besi kuijaza. Nyuma yake kulikuwa na amplifaya za Marshall za wati 100. Vyombo vya ukumbi vya wakati ule vilibeba sauti za waimbaji tu, kwa hiyo gitaa lilitakiwa lifike ukuta wa mwisho kwa nguvu zake lenyewe. Amplifaya ikisukumwa kiasi hicho, nota hailali, inaendelea kulia na kuungana na inayofuata. Ongeza gitaa la Gibson lenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za koili mbili, sauti nene, na hata vidole vikikosea kidogo hakuna anayegundua.

Ilipofika 1970 alikuwa ameshahamia Stratocaster. Pikapu zake (za gitaa, si zile zinazoshusha viazi kutoka Uporoto) zina koili moja moja, sauti nyembamba inayokata, na kosa halifichiki. Akawa pia na kinanda pembeni, baadaye gitaa la pili na waimbaji. Wenzake walishaijaza nafasi, naye akapunguza nota. Alizaliwa 1945, kwa hiyo mabadiliko hayo yalianza akiwa na miaka 25. Huwezi kuuita huo uzee. Mwili ulikuja kudai chake baadaye sana: mwaka 2016 alisema wazi kwamba neva za pembeni zimeharibika na kupiga kumekuwa kazi, na 2018 akazungumzia mlio wa masikioni.

Sasa jihesabuni ninyi. Mko watano na kinanda kipo. Ukiingiza solo ya kundi la watatu ndani ya kundi la watano, nota zitagongana hata ungekuwa na miaka 24. Sehemu ya kile unachokilaumu kwenye kidole chako ni kinanda kinachopiga palepale unapopita. Kabla hujagusa kitu kingine, mwambie mpiga kinanda wakati wa solo yako mkono wake wa kulia ushuke chini ya C ya kati, au ashike kodi moja ndefu tu. Jirekodini kwa simu kabla na baada.

Wengine uliowataja kila mmoja ana sababu yake. Beck aliacha piki miaka ya 1980 kwa sababu dole gumba na vidole vilimpa kitu ambacho piki hakitoi: kila nota na ukali wake, huku kidole kidogo kikizungusha kitufe cha sauti na kiganja kikishika mkono wa kutetemeshea, ile fimbo ya chuma inayoshusha na kupandisha sauti ya nyuzi. Hakupunguza juhudi, alihamisha kazi kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Ukimtazama vizuri, nota nyingi hazivuti kwa kidole cha kushoto kabisa, anazipandisha kwa ule mkono wa chuma. Hilo linakuhusu, tutalirudia.

Tony Iommi wa Black Sabbath hakusubiri uzee. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kubonyezea (yeye ni wa kushoto, kwa hiyo ni mkono wa kulia). Akajitengenezea vikofia vya plastiki na ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba kuliko zilizokuwa madukani, nyingine za banjo, na kufikia albamu ya 1971 gitaa lilikuwa limeshushwa toni moja na nusu. Ule uzito ambao vijana wa metali wanautafuta mpaka leo ulianzia kwenye hesabu ya kupunguza maumivu. George Harrison aligeukia kupiga kwa bomba la kuteleza juu ya nyuzi mwishoni mwa miaka ya 1960, na hilo likawa ndilo linalomtambulisha kuliko solo zake za awali. Richards alianza na nyuzi tano miaka hiyohiyo akiwa kijana mzima wa afya. Baridi yabisi ya vidole aliizungumzia 2023, akasema imebadilisha upigaji wake, ila haimuumi. Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 50 ndani ya mtindo ambao unahitaji kidole kimoja tu kupata kodi nzima.

Jibu la swali lako la kwanza basi: wengi walibadilika kwanza kwa sababu ya vyombo na idadi ya watu, mwili ukafuata. Waliofika mbali ni wale ambao mwili ulipofika ulikuta tayari wana njia nyingine.

Sasa gitaa lako. Namba 11 kwa sauti ya kawaida kwenye shingo ya Stratocaster ni mzigo. Uzi wa kwanza wa 11 unavuta karibu kilo 8.9. Namba 10 ni kama kilo 7.4, namba 9 karibu kilo 6. Ukishusha gitaa nusu toni, kila uzi unapoteza asilimia 11 ya mvuto. Kwa hiyo 10 iliyoshushwa nusu toni inafika karibu kilo 6.6, yaani umepunguza kama robo ya ulichonacho leo.

Ushauri wetu ni huo: namba 10, nusu toni chini. Wapo watakaokuambia uende moja kwa moja kwenye 9, na Billy Gibbons wa ZZ Top anapigia 7 bila shida. Lakini mkono uliozoea 11 kwa miaka 30 unabonyeza kwa nguvu mno. Kwenye 9 utasukuma kila kodi nje ya sauti na utadhani gitaa ndilo bovu. Kipimo ni hiki: bonyeza uzi wa tatu freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) taratibu mpaka nota itoke safi, simama hapo, halafu bonyeza kama kawaida yako huku umewasha programu ya kutyuni kwenye simu. Sindano ikipanda, unajua unapoteza nguvu kiasi gani.

Besi naye ashushe, kinanda kina kitufe cha kuhamisha sauti, weka kasoro moja. Waimbaji wenu watashukuru. Tatizo ni Jumapili, mkiwa na watu wa sauti ya kawaida. Usikaze nyuzi Jumapili na kulegeza Jumatatu, daraja la springi, lile linaloshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, halivumilii mchezo huo. Funga kepo (kibano kinachobonyeza nyuzi zote) freti ya 1, umerudi kwenye sauti ya kawaida.

Kubadili nyuzi bila kurekebisha gitaa ndiko kunakowakatisha watu tamaa, wanarudi kwenye 11 ndani ya wiki. Fuata mpangilio huu, na usiruke, kwa sababu kila hatua inaharibu inayofuata ukiifanya mwisho.

Toa nyuzi moja moja na kuweka mpya, usizitoe zote kwa pamoja, daraja litalala na shingo itashtuka. Kaza mpaka nusu toni chini, vuta kila uzi kwa mkono usawa wa freti ya 12, kaza tena, mara tatu au nne mpaka utulie. Acha usiku mmoja.

Asubuhi angalia shingo. Funga kepo freti ya 1, bonyeza uzi wa sita mahali shingo inapokutana na mwili, pima pengo kati ya uzi na freti ya 7. Fila geji ya mafundi magari (vile vibati vya kupimia nafasi nyembamba) inatosha. Unataka milimita 0.2 hadi 0.3. Nyuzi zako mpya zinavuta kidogo kuliko zile, kwa hiyo huenda shingo imerudi nyuma na pengo limepotea, na hapo nyuzi zitavuma freti za mwanzo. Legeza rodi ya shingo (chuma kilichomo ndani ya shingo) kwa alenki, kushoto, robo mzunguko. Kaza nyuzi upya, subiri saa kadhaa, pima. Rodi ikigoma usilazimishe. Rodi iliyokatika ni shingo mpya.

Kisha springi za nyuma. Nyuzi zimepungua nguvu, springi hazijapungua, kwa hiyo zimelivuta daraja likalala. Fungua kifuniko cha mgongoni, utaona skrubu mbili ndefu zinazoshika kile kibati cha springi. Legeza kila moja nusu mzunguko, kaza nyuzi, tazama. Sehemu ya nyuma ya daraja inatakiwa iinuke kama milimita 3 kutoka kwenye mwili. Usipopata nafasi hiyo, mkono wa kutetemeshea utashusha tu, hautapandisha, na kwako kupandisha ndiko kwenye faida.

Urefu wa nyuzi: freti ya 12, milimita 1.6 kwa uzi wa kwanza, 2 kwa wa sita. Chini ya hapo kidole kinapita juu ya uzi wa jirani unapovuta na hakiushiki. Wapigaji wengi wenye vidole vinavyouma hushusha nyuzi kupita kiasi, halafu wanashangaa kuvuta kumekuwa kugumu zaidi.

Mwisho, usahihi wa sauti. Piga nota ya kengele freti ya 12, uzi umeguswa tu, kisha bonyeza freti hiyohiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi kwenye daraja, mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza mbele. Ukibadili nyuzi na kuruka hatua hii, kodi zote za juu zitakuwa na ukakasi usioelezeka, na kwenye kundi lenye kinanda utaonekana wewe ndiye mkosaji. Nawe utakuwa mkosaji kweli.

Kuhusu kuvuta: acha kuvuta kwa kidole cha pete peke yake. Weka cha kati na cha shahada nyuma yake kwenye uzi uleule, dole gumba likamate ukingo wa juu wa shingo, halafu zungusha kigasha kama unayefungua kitasa cha mlango. Vidole visikunjuke, vinabebwa tu. Kama kiungo bado kinauma ukifanya hivyo, ile toni nzima ipandishe kwa njia ya Beck: shusha daraja kabla ya kupiga, piga, achia lipande. Mwanzoni utapitiliza. Anza na uzi wa tatu, freti ya 7, programu ya kutyuni ikiwa mbele yako, dakika 5 kwa siku, usiongeze.

Asubuhi za Juni na Julai usianze na uzi wowote. Maji ya uvuguvugu dakika 5, kausha, subiri dakika 10 kwa sababu ngozi iliyolowa inachanika kwenye nyuzi za chuma. Kisha nota moja moja kwa mapigo 60 ya dakika, vidole vinne mfululizo kutoka freti ya 9 kwenda juu, ambako freti zimekaribiana. Freti za mwanzo ndizo pana zaidi, ziache mpaka mkono upate moto.

Ugumu wa dakika 20 kwa umri wako mara nyingi ni kiungo kuchakaa, na hayo hapo juu yanatosha. Ila ukizidi saa nzima, viungo vikavimba mikono yote miwili, nenda hospitali bila kungoja msimu ubadilike, kwa sababu aina hiyo ya baridi yabisi ina dawa zinazofanya kazi vizuri zikianzwa mapema. Kidole kinachonasa kikikunjwa halafu kikafyatuka, au ganzi ya usiku kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, navyo vinataka daktari. Ganzi kwenye mikono na miguu, omba wapime na sukari. Piga gitaa juu ya ganzi na utakuwa unabonyeza kwa nguvu usizozijua.

Kama nyumbani una gitaa la pili, hata la mbao lisilo la umeme, lifanye la nyuzi tano. Hili tunalipenda kuliko yote humu ndani. Toa uzi wa sita. Wa tano ushushe kutoka A hadi G, wa nne uache D, wa tatu G, wa pili B, wa kwanza shusha kutoka E hadi D. (Kama kundi limeshuka nusu toni, shusha zote nusu zaidi.) Bila kubonyeza kitu una kodi ya G. Kidole cha shahada kikilala freti ya 5 ni C, freti ya 7 ni D, na kwa hizo tatu roki nyingi unaimaliza. Sasa utamu: shahada ikiwa imelala freti ya 5, ongeza cha kati uzi wa pili freti ya 6 na cha pete uzi wa nne freti ya 7. Umepata F juu ya C. Weka, toa, weka, toa, kwa kufuata dramu. Ndiyo mtambo wa Richards wote huo, na kidole chako cha pete kinatua tu, hakivuti kitu. Usilifanyie hili lile Stratocaster lako, ukilegeza nyuzi tatu daraja linalala na nyuzi zilizobaki zinapanda sauti zenyewe.

Tukumbuke na masikio, kwa sababu nayo hubadilisha upigaji na mwenyewe hajui. Miaka ikienda, sauti kali ndizo hupotea kwanza. Mpigaji anazungusha tribo (kitufe cha sauti kali) mpaka yeye aridhike, ukumbi wa bati unawachoma watu. Amplifaya mara nyingi iko sakafuni inapiga magoti yako. Iweke juu ya kiti, ielekee uso wako, halafu yule kijana asimame katikati ya ukumbi na akupangie tribo. Weka alama kwa kalamu ya chokaa. Utapunguza sauti mwenyewe, na sauti ikipungua mkono nao unapunguza nguvu.

Na kijana? Mpe nyimbo zile za kasi, zote, bila kinyongo, lakini usimpe solo zote. Zile za mwendo wa kati gawaneni: yeye akae freti ya 12 kwenda juu, wewe freti ya 5 hadi ya 9, kila mmoja mistari minne, mwenzake ananyamaza au anashika nota mbili za kodi. Mwanzoni atakuingilia, vijana hawajui kunyamaza. Mwambie ahesabu kwa sauti. Ule wimbo mmoja ambao watu huuomba kila Jumamosi, baki nao, ila solo yake ifupishe ibaki mizunguko miwili, na nota ya kwanza iwe ndefu, ya daraja lililoachiwa.

Mvua za Novemba zikianza, mbao zitavuta unyevu na lile pengo la freti ya 7 litaongezeka. Pima tena kwa fila geji, likipita 0.3, rodi kulia, robo mzunguko.